Mtetezi Aliye Mkombozi: Mungu na Shauri la Nafsi



Mada niliyopewa jioni hii ni Mungu kama mtetezi na mkombozi wa nafsi. Wengi wetu tunadhani tunaifahamu, kwa kuwa maneno hayo tunayasikia kila Jumapili. Nitawaomba leo tuyasikie kwa pamoja, maana hoja yangu yote iko hapo: katika Maandiko, Mungu anayemtetea mtu ndiye huyohuyo anayemkomboa, na kazi hizo mbili haziachani. Kila zilipoachanishwa, watu waliumia, na nitaonyesha mfano kutoka pwani yetu wenyewe.

Nianze na kitabu ambacho hakihubiriwi mara nyingi, Maombolezo. Yerusalemu ilianguka mikononi mwa Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Hekalu likachomwa, kuta zikabomolewa, watu wakachukuliwa mateka. Kitabu hiki kina mashairi matano ya kilio, na la tatu ndilo moyo wake. Lina aya 66, zimepangwa tatu tatu kufuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania. Hebu fikirini: mtu ameona watoto wakizimia kwa njaa njiani, kisha ameketi akakipanga kilio chake herufi kwa herufi. Kwangu huo ni ushujaa mkubwa. Huzuni isiyopimika imepewa umbo ili waliosalia waweze kuisema pamoja, nayo ifike mbele za Mungu.

Shairi hilo likielekea ukingoni, msemaji yuko shimoni. Adui wamemtupa humo na kumrushia mawe, maji yamempita kichwa, amekwisha kujihesabu miongoni mwa wafu. Kutoka huko chini analiita jina la Mungu. Kisha anashuhudia kwamba Mungu alimkaribia, akamwambia asiogope, akalisimamia shauri la nafsi yake na kuukomboa uhai wake. Ukaribu, neno la kuondoa hofu, utetezi na ukombozi, vyote vimebanana katika aya mbili tu.

Mapokeo ya kale yanasema msemaji huyo ni Yeremia. Wataalamu wengi wa leo hawakubali, na mimi sioni haja ya kupigana nao. Naelewa lakini kwa nini wazee walimfikiria nabii huyo, kwa sababu yeye alitupwa shimoni kwelikweli. Habari iko katika sura ya 38 ya kitabu chake. Wakuu wa Yuda walichoshwa na maneno yake, wakamteremsha kwa kamba katika birika lisilo na maji, ndani yake tope tupu, naye akazama topeni. Mfalme Sedekia alijua na hakuwazuia. Aliyeinuka ni Ebedmeleki, Mkushi, towashi wa nyumba ya mfalme, mtu mweusi kutoka nchi iliyo kusini ya Misri. Mgeni.

Mtazameni mtu huyu alivyofanya. Kwanza alimfuata mfalme penye lango la Benyamini. Malangoni ndipo mashauri ya mji yalipokuwa yakisikilizwa. Akasema mbele yake, bila kuzunguka, kwamba wale wakuu wamemtendea nabii vibaya na kwamba atakufa kwa njaa. Alipopata ruhusa, alichukua watu thelathini, lakini hakukimbilia shimoni moja kwa moja. Alipitia ghalani akachukua matambaa makuukuu na nguo zilizochakaa, akamteremshia Yeremia, akamwambia ayaweke chini ya makwapa yake ili kamba zisimchubue. Ndipo wakamvuta.

Nimesoma vitabu vingi vya teolojia kuhusu wokovu, na sijui kama kuna ukurasa unaonifundisha zaidi ya huu. Kama Ebedmeleki angeishia langoni, nabii angebaki topeni huku shauri lake limeshinda. Kama angekwenda na kamba usiku bila kusema na mfalme, Yeremia angekuwa mtoro, na kesho yake wangemrudisha shimoni. Alisema, kisha akavuta. Na yale matambaa! Anayekomboa kweli huwaza mpaka ngozi ya yule anayemkomboa. Hicho alichokifanya Mkushi kwa nabii ndicho mwombolezaji anachosema Mungu alimfanyia yeye.

Tutoke shimoni twende kwenye sheria, kwa sababu Waisraeli hawakulifikiria jambo hili kwa ushairi peke yake. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaeleza wajibu wa ndugu. Mtu akifukarika akauza sehemu ya shamba lake, ndugu wa karibu aje alikomboe. Akiishiwa kabisa akajiuza kwa mgeni tajiri, basi ndugu yake, au baba yake mdogo, au mtoto wa baba yake mdogo, amkomboe. Huu haukuwa msaada wa hiari. Ulikuwa deni la damu moja. Ndiyo maana Boazi, katika kitabu cha Ruthu, aliketi langoni mbele ya wazee kumi na kumwita yule ndugu aliyekuwa karibu zaidi yake. Yule alilitaka shamba. Alipoambiwa kwamba pamoja na shamba kuna Ruthu Mmoabi, mjane wa marehemu, akajitoa, akihofia kuuharibu urithi wake mwenyewe. Boazi akaibeba hasara ambayo mwenzake aliikimbia.

Sasa, itakuwaje kwa asiye na ndugu? Au kwa yule ambaye ndugu ndio waliomnyang'anya? Sura ya 23 ya Mithali inatoa onyo ambalo ningetamani lisomwe katika kila mazishi ya mwenye shamba. Inamkataza mtu kuusogeza mpaka wa kale na kuingia katika mashamba ya yatima, kwa sababu yatima wanaye Mkombozi mwenye nguvu, naye atalitetea shauri lao. Hapo ndipo maneno yetu mawili yanapokutana waziwazi. Yeremia, sura ya 50, anayakutanisha tena kwa ajili ya watu waliozuiliwa Babeli: Mkombozi wao ana nguvu, tena atawatetea. Mungu anaingia katika nafasi ya ndugu aliyekosekana. Anakuwa baba mdogo wa yatima.

Wanaotoka Kilimanjaro wanajua mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, inavyopandwa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, na wanajua pia kwamba isale likihama halihami lenyewe. Ninalitaja hilo kwa sababu tumezoea kusema Mungu ni mkombozi wa nafsi kana kwamba nafsi ni kitu kinachoelea juu ya mashamba, madeni na njaa. Nafsi inayotetewa katika Maombolezo ina tope miguuni. Yatima wa Mithali wana shamba linalolimwa na mtu mwingine. Hata hivyo sitakubaliana na wanaosema habari hii inaishia kwenye shamba. Anayenikataza ni Ayubu.

Ayubu alipoteza mali, watoto, afya, na mwisho heshima yake. Ndugu zake walikaa naye mbali. Analalamika kwamba hakuna mpatanishi wa kuweka mkono juu yake na juu ya Mungu. Baadaye anathubutu kusema shahidi wake yuko mbinguni. Baadaye tena, katika sura ya 19, anasema anajua Mkombozi wake yu hai. Ajabu yake ni kwamba Mungu anayemlalamikia ndiye anayemkimbilia. Hakuna mwingine. Anakata rufaa kutoka kwa Mungu kwenda kwa Mungu.

Na wale marafiki zake watatu? Walipofika waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema kuliko wakati mwingine wowote. Walipofungua vinywa wakageuka kuwa waendesha mashtaka. Walitaka kumlinda Mungu, wakamshtaki mtu. Mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anatoa hukumu: hao waliomtetea hawakusema sawasawa juu yake, na Ayubu aliyegombana naye ndiye aliyesema sawasawa. Tena wanaagizwa waende kwa Ayubu awaombee. Wachungaji wenzangu, tusiipite aya hiyo haraka. Mama aliyefiwa na mtoto, akaambiwa msibani atafute dhambi iliyoleta kifo hicho, ameketishwa mbele ya marafiki wa Ayubu, na sisi tumekuwa wao.

Lakini Ayubu hakuwa na hatia. Kumtetea asiye na hatia hakuhitaji teolojia ndefu. Swali gumu la Ukristo ni mtu mwenye hatia. Yule mwombolezaji wa Yerusalemu mwenyewe anakiri katika shairi lilelile kwamba watu wake wameasi. Nani atamtetea huyo?

Nabii Zekaria, baada ya watu kurudi kutoka Babeli, aliona maono ya baraza la hukumu. Kuhani mkuu Yoshua amesimama mbele ya malaika wa Bwana, na Shetani yuko mkono wake wa kuume ili amshtaki. Yoshua amevaa mavazi machafu. Uchafu huo ni wa kweli. Mshtaki hahitaji kutunga kitu. Yoshua hasemi neno lolote katika maono yote. Bwana anamkemea mshtaki, kisha anaagiza yale mavazi yavuliwe, avikwe mavazi ya thamani, na kilemba safi kiwekwe kichwani pake. Utetezi huu haukanushi uchafu. Unaondoa uchafu. Mshtaki alisema kweli kuhusu nguo, akakosea kuhusu mtu, kwa sababu alidhani nguo ndiyo habari yote.

Waraka wa kwanza wa Yohana unasimama mahali hapohapo. Umetoka tu kusema kwamba anayejidai hana dhambi anajidanganya. Kisha unasema mtu akitenda dhambi, tunaye wa kututetea kwa Baba, Yesu Kristo mwenye haki, naye ndiye kipatanisho kwa dhambi zetu. Mteja wa mtetezi huyu ni yule anayekiri. Na mtetezi hana hoja nyingine ya kuweka mezani ila maisha yake mwenyewe aliyoyatoa.

Hapa niseme jambo linalonisumbua. Wakristo wengi wamelelewa na picha ya mbinguni ambayo Baba ana hasira, Mwana ana huruma, na kazi ya Mwana ni kumbembeleza Baba asituangamize. Picha hiyo inawatesa watu. Wanampenda Yesu na kumwogopa Mungu. Sura ya 8 ya Warumi inaifuta kabisa. Paulo anauliza ni nani atakayewashtaki wateule wa Mungu, na jibu lake linamtaja Mungu mwenyewe kuwa ndiye anayewahesabia haki. Kristo yuko mkono wa kuume akiwaombea. Roho naye, mapema katika sura hiyohiyo, anaomba ndani yao kwa kuugua kusikotamkika. Wote wako upande mmoja. Hakimu, mtetezi na anayemfariji mshtakiwa wana nia moja, na upande wa pili amebaki mshtaki peke yake. Hakuna anayembembeleza Baba. Baba ndiye aliyemtuma Mwana.

Basi, gharama? Yesu alisema, kama Marko alivyoandika katika sura ya 10, kwamba alikuja kuutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Kanisa limeuliza kwa karne nyingi: fidia hiyo alilipwa nani? Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, alifundisha kwamba ililipwa kwa Shetani aliyezishikilia nafsi za watu. Gregori wa Nyssa, karne iliyofuata, aliliendeleza wazo hilo akasema Shetani alinaswa kama samaki, chambo kikiwa ni ubinadamu wa Kristo na ndoana ikiwa ni uungu wake. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, aliudhika: ni aibu mnyang'anyi kulipwa, tena malipo yenyewe yawe ni Mungu. Akauliza pia kwa nini Baba ahitaji damu ya Mwana, wakati alikataa ya Isaka. Mwaka 1098 Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu chake juu ya sababu ya Mungu kuwa mwanadamu, akijibu kwamba Shetani hana haki yoyote juu yetu. Deni ni la heshima ambayo mwanadamu alimnyima Mungu, na ni Mungu-mtu pekee awezaye kulilipa. Mwanateolojia Abelard akapinga, akisisitiza upendo unaoiwasha mioyo yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Gustaf Aulén wa Sweden akalirudisha wazo la kale kwa namna mpya: msalaba kama vita na ushindi dhidi ya nguvu zinazotutumikisha.

Nawaheshimu wote hao, na Anselm kuliko anavyoheshimiwa siku hizi. Hata hivyo naona swali la nani alilipwa limetupotezea muda mwingi. Twende kwenye kitabu cha Kutoka. Mungu aliahidi kuwakomboa Waisraeli kwa mkono ulionyoshwa, na Farao hakulipwa hata shekeli moja. Sura ya 52 ya Isaya inasema waliuzwa bure na watakombolewa bila fedha. Maandiko yanapotaja gharama, yanataja kile kilichomtoka mkombozi. Hayatuonyeshi mkono ulioipokea. Boazi aliingia hasara. Ebedmeleki alihatarisha shingo yake mbele ya wakuu ambao hata mfalme hakuwaweza. Gharama ya Mungu ni kwamba aliingia mwenyewe shimoni, akashtakiwa mahakamani kwa Pilato, na hakuna aliyesimama kumtetea. Na hapo msalabani, Luka anaandika, aliwaombea msamaha waliokuwa wakimwua.

Sasa nitimize ahadi ya mfano wa kwetu. Kuna mahali pachache duniani ambapo habari ya ukombozi ilisikiwa na masikio yaliyowahi kusikia bei yao ikitajwa sokoni. Pwani yetu ni mojawapo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakanunua watumwa, wengi wao watoto, na kuwaweka katika kijiji cha uhuru. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao mahali pa soko hilo, Mkunazini, chini ya Edward Steere. Mwaka 1875 Freretown ikaanzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya walioachwa huru. James Mbotela, mwana wa mmoja wa waliokombolewa, aliandika habari za watu hao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotolewa mwaka 1934.

Kazi hiyo iliokoa maisha ya watu, na sitaidharau. Lakini tuseme na upande wa pili. Bagamoyo, walionunuliwa waliishi chini ya sheria kali za misheni, siku yao ikipangwa kwa sala na kazi. Mara nyingi hawakuulizwa walitaka kwenda wapi, au walikuwa kina nani kabla ya kukamatwa. Baadhi waliondoka. Bei ililipwa, shauri lao halikusikilizwa. Mtu aliyelipiwa bila kusikilizwa anahisi amebadilishiwa bwana, na huenda hilo ndilo lililowatoa wengine kijijini. Walawi ilikuwa imelikinga jambo hili tangu mwanzo: aliyekombolewa alirudi kwa jamaa yake na kwenye milki ya baba zake, na aliyemkomboa alibaki ndugu yake.

Kosa la kinyume chake ndilo la zama zetu. Tunatetea kwa mdomo. Tunatoa matamko, tunaomba kwa sauti kubwa, tunaandika mabango, halafu kamba na matambaa havionekani. Na baya zaidi, makanisani mwetu tumezoea kushtakiana. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika uliwafundisha watu kukiri dhambi zao hadharani bila kuogopa, kwa kuwa walimwamini mtetezi wao. Ilikuwa zawadi kubwa. Penye uamsho wa namna hiyo, hata hivyo, haichukui muda mtu akaanza kukiri dhambi za jirani. Kitabu cha Ufunuo kinamwita Shetani mshtaki wa ndugu zetu, anayewashtaki mchana na usiku. Kazi hiyo ina mwenyewe, na Mkristo hana sababu ya kumsaidia.

Ili utetezi wetu uwe na kamba na matambaa, nina ombi moja kwa sharika na parokia zilizowakilishwa hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliopata mafunzo ya kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Sheria zipo, lakini bado mjane anakwenda peke yake barazani, amekaa upande mmoja, na upande wa pili wamekaa shemeji zake watano. Kila usharika uchague watu wawili au watatu wenye subira na uaminifu, uwalipie mafunzo hayo kutoka katika sadaka, na uwape nauli. Siku ya shauri, waende na yule mama. Na mwenye shamba akizikwa, wazee wa kanisa waende shambani juma hilohilo, pamoja na viongozi wa kijiji, waione mipaka na kuiandika kwa majina, watoto wa marehemu wakiwa wamesimama hapo.